Mzee asiyetoka nje naye anahitaji mchezo



Katika nyumba nyingi nchini Tanzania, za mijini kama za vijijini, yumo mzee ambaye miguu yake imekwisha kumkatalia. Huenda ni magoti yaliyokaza, huenda ni kiharusi kilicholegeza upande mmoja wa mwili, huenda ni nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya. Mzee huyo huamshwa, huogeshwa, hulishwa, kisha huketishwa mahali pamoja hadi usiku. Wanaomtunza huona kwamba wajibu wao umetimia, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Kazi ya kumtunza mtu asiyeweza kusimama si ndogo, na aghalabu huwaangukia mabinti na wakaza wana ambao wana kazi nyingine tele. Lakini kati ya uji wa asubuhi na chakula cha jioni zipo saa nyingi ambazo hakuna anayeuliza zimepitaje.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na kila tarehe 1 Oktoba huadhimishwa Siku ya Wazee Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1991. Yanayozungumzwa zaidi katika siku hiyo ni matibabu, pensheni na usalama wa wazee, na ni haki yazungumzwe. Mchezo hautajwi, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni anasa, au ni jambo la watoto. Dhana hiyo hapana budi iondolewe. Mzee aliyekuwa akienda barazani kila alasiri hakwenda kupoteza wakati. Alikwenda kumshinda mwenziwe, kushindwa naye, kubishana, kusahihishwa na kumfundisha aliye mdogo. Siku magoti yalipokataa, alinyang'anywa yote hayo kwa mara moja. Baada ya miezi michache huwa mkimya, na watu wa nyumbani husema, "Ni uzee." Mara nyingi si uzee bali ni upweke.

Yafaa basi baraza limfuate mzee ndani. Bao ni mfano ulio bora kuliko yote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, ambazo huzinamua moja moja. Mchezo huu hautaki miguu. Hautaki hata mikono miwili, kwa maana kete husambazwa kwa mkono mmoja, na aliyepooza upande wa kulia aweza kujizoeza kwa kushoto. Unachotaka ni kuhesabu, kukumbuka na kuona mbele hila ya mpinzani. Mwalimu Nyerere, ambaye hakukosa mambo ya kumshughulisha akili, alijulikana kwa kupenda bao.

Tatizo ni kwamba bao la mti ni zito, tena hununuliwa kwa fedha, na lile linalochimbwa ardhini humtaka mtu achutame. Dawa yake ni rahisi. Trei mbili za mayai, zile za karatasi ngumu, zikikatwa na kuunganishwa hutoa safu nne za mashimo manane. Shimo la nyumba lipakwe mkaa lipate kutambulika. Kete ziwe komwe, kokoto au mbegu zozote zinazolingana, na akiba ya kila mchezaji iwekwe katika bakuli ili mzee asilazimike kuishika mkononi. Bao hilo ni jepesi, laweza kuwekwa juu ya stuli au sinia pajani. Mzee ambaye macho yamefifia aweza kuyapapasa mashimo na kuzihesabu kete kwa vidole. Ambaye mkono unatetemeka atamke shimo na upande, na mjukuu asambaze kwa niaba yake. Hapo kuna sharti moja: mjukuu asimchagulie shimo, wala asimwachie makusudi apate kushinda. Mzee aliyecheza bao miaka 50 hujua mara moja kwamba anahurumiwa, na hatataka kucheza tena. Afadhali kijana aseme waziwazi, "Babu, leo nitakufunga," kisha ajitahidi.

Wasiojua bao wana dhumna, karata na drafti. Drafti hutosha kuchorwa juu ya boksi na kuchezwa kwa vizibo vya soda, upande mmoja vikilala kifudifudi na upande wa pili chali.

Kwa upande wa akina bibi, hasa wa pwani, huwa ni vigumu kutenga mchezo na kazi, na hakuna haja ya kuvitenga. Kusuka ukili hufanywa kwa kukaa, mtu amenyoosha miguu, na vidole vilivyozoea huendelea hata macho yakiwa hafifu. Bibi aletewe miyaa iliyokwisha kuchanwa na kutiwa rangi, asuke kiasi apendacho, na ukili wake ushonwe mkeka utakaotandikwa, usitupwe uvunguni. Vivyo hivyo kuchagua mchele au kumenya karanga. Ikiwa wenzake wameketi naye wakizungumza, hiyo ni starehe. Akiachiwa ungo peke yake pembeni, ni utumishi tu.

Jioni watoto wakikusanyika, mzee ndiye wa kusema "Kitendawili!" nao wamwitikie "Tega!" Hata mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumpotea, asiyekumbuka alichokula mchana, aghalabu hukumbuka nyimbo za ujana wake, akazifuata kwa kupiga makofi.

Mwili nao una haki yake. Kuketi kutwa nzima hulegeza misuli, hukaza viungo, huvimbisha miguu na huleta vidonda matakoni na mgongoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaeleza kuwa mwendo mchache ni bora kuliko kutojongea kabisa, na hauwaachi nje wazee wala wenye ulemavu. Mzee aketishwe katika kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wa kiti ukiegemea ukuta. Anyanyue goti moja moja, azungushe vifundo vya miguu, akamue kitambaa chenye maji. Kurushiana mpira wa matambara na mtoto wa miaka mitano hufanya kazi iyo hiyo, tena kwa kicheko. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua aache mara moja, na mwenye maradhi ya moyo amwulize kwanza mganga wa zahanati.

Wapo watakaosema kwamba mzee wao amewekewa redio, au hata televisheni, na kwamba hiyo yatosha. Redio ni rafiki mwema wa mgonjwa, hasa wakati wa habari. Ila haimwulizi mzee anaonaje. Mtu akizima redio baada ya taarifa na kumwuliza mzee maoni yake, kisha akavumilia kusikiliza jibu refu, hapo ndipo huanza mazungumzo.

Kuhusu wakati, si lazima mzigo huu uongezwe juu ya mabega ya binti yule yule apikaye na kufua. Wazee wenzake wa mtaani ambao bado wanatembea waweza kulihamishia baraza lao chumbani kwake siku moja katika juma. Kijana wa jirani arudiye shule alasiri aombwe apite siku nyingine mbili, aamkie "Shikamoo babu," akae nusu saa kwenye bao. Na mchezo ukikatizwa na giza kete zisikusanywe: trei lifunikwe kitambaa, liwekwe mahali ambapo mzee aweza kuliona, hadi kijana atakaporudi.