Rumba: Jina Lililokuja na Santuri



Neno rumba nani asiyelijua? Ukilitaja tu, mguu unaitika. Lakini asili yake ni kesi isiyokwisha. Wakongo wengi hulitoa kwenye nkumba, yaani kitovu kwa Kikongo, wakikumbuka ngoma ya kale ambayo wachezaji wawili hugusanisha vitovu. UNESCO ilipoiorodhesha rumba ya Kongo Desemba 2021, simulizi hiyo ilipata nguvu mpya. Kamusi za Kihispania, kwa upande wao, hulihusisha na rumbo, yaani fahari na mbwembwe. Mimi Mbantu ningependa nkumba ishinde. Ila kufanana sauti si udugu. Ingekuwa hivyo, kaa la moto na kaa wa pwani wangerithiana.

Swali linalonishughulisha mimi ni jingine. Kule Kuba, jina hili lilikovumia, wenyewe waliita nini rumba? Waliita sherehe. Havana na Matanzas, watu maskini, wengi wao wa uzao wa watumwa, walikusanyika uani wakapiga ngoma, hata masanduku ya mbao, wakaimba na kucheza. Mkusanyiko huo ndio rumba. Gitaa halimo, tarumbeta haimo. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana, maana anayo ngoma: ni chombo, ni mchezo, ni shughuli yenyewe.

Sasa sisi tulipokea nini? Mwaka 1930, huko New York, bendi ya Don Azpiazu ilirekodi "El Manisero". Muziki ule ni son, mtindo mwingine wa Kuba, lakini karatasi ya santuri iliandikwa rumba. Kuanzia 1933, kampuni ya HMV ikaleta Afrika santuri za namna hiyo zenye alama ya GV. Vijana wetu wakakaa mbele ya gramafoni, wakajifunza son, wakaiita rumba. Aliyetubatiza, kwa hiyo, ni mfanyabiashara. Kule Morogoro, Salum Abdullah akaiita hata bendi yake Cuban Marimba.

Jina la dukani halikutosha, hata hivyo. Bendi zetu zikaipa mitindo yao majina ya nyumbani: NUTA Jazz wakachukua Msondo, Mlimani Park wakachukua Sikinde, yote majina ya ngoma za Wazaramo. Hapa Iringa, Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ikatamba na mtindo wake wa Kinyekinye. Mapigo yalipitia Kuba na Kongo, lakini jina likarudi uani, mlemle Wakuba walimoanzia.

Humu ukumbini wamo waliocheza Kinyekinye miaka ya 1980. Wanafunzi wangu, kabla hamjaniletea tasnifu kuhusu Havana, wafuateni wazee hawa na vinasa sauti vyenu. Anzeni leo, pale mlangoni wakitoka.