Nani Athibitishe Katika Shauri la Nyumba?



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalowasumbua wengi kila baada ya mavuno ya alizeti, fedha zinapokuwapo na nyumba zinapouzwa. Mtu ananunua nyumba, kisha anatokea mwingine akidai kwamba aliyeuza hakuwa na haki ya kuuza. Mbele ya baraza, ni nani apaswaye kuthibitisha?

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 hujibu kwa ukali: anayedai ndiye athibitishe. Mnunuzi akisema alidanganywa, yeye ndiye wa kuleta maandishi na mashahidi, na asipoleta, muuzaji aweza kukaa kimya akashinda. Ipo faraja kidogo, maana akionekana mtu anaishi katika nyumba, asemaye kwamba si yake ndiye hubeba mzigo. Lakini mwisho huamua uzito wa ushahidi. Mahakama Kuu ilikwisha kueleza mwaka 1984 kwamba wenye shauri hawawezi kutoka sare.

Hapa twaona upungufu. Anayenunua redio dukani ana kinga ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa. Nyumba si bidhaa kwa maana ya sheria hiyo; aliyemaliza akiba yake yote kununua vyumba viwili vya bati hana kinga hiyo. Hatuoni haki katika mpango huo, lakini ndio uliopo, na kwa sababu hiyo ushahidi hutengenezwa siku ya kununua, kabla fedha hazijatoka mkononi.

Nyumba iliyo katika ardhi ya kijiji yataka uangalifu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inadai idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kwamba mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili. Wengi huridhika na muhuri wa mwenyekiti. Muhuri huo waonyesha kwamba mwenyekiti alikuwapo. Hauonyeshi kwamba Halmashauri iliketi. Ombeni nakala ya muhtasari wa kikao.

Tena, muulizeni mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume, na mke vilevile, kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humtwika mnunuzi wajibu wa kuuliza. Twawafikiria akina mama wanaorudi kutoka shambani na kukuta wageni wakipima milango. Mnunuzi aliyekwepa kuuliza ameshiriki dhuluma hiyo.

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi aliandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha mbele yao, na hati ikawekwa katika chombo cha udongo. Nasi tuandike bei, mipaka na tarehe. Majirani wa mipaka wawe mashahidi. Ushuru wa stempu ulipwe, kwa kuwa hati isiyolipiwa yaweza kukataliwa barazani mpaka ushuru na faini vilipwe.

Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata tangu mwaka 2021 husuluhisha tu, haliamui tena. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri laweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai la kurudishiwa ardhi hufungwa baada ya miaka 12, na mashahidi huenda wakawa wamekwisha kufa au kuhama kabla ya hapo.