Muongo wa 1410–1419 na Twiga wa Malindi: Mada kwa Semina ya Walimu wa Historia

Mwisho wa Zama za Kati, yaani karne ya 14 na ya 15, ni kipindi ambacho washiriki wanakifahamu, na matukio makubwa ya muongo huu hayahitaji maelezo marefu: vita vya Grunwald vya 1410, kuchomwa moto kwa Jan Hus mjini Konstanz, ushindi wa Henry wa Tano dhidi ya Wafaransa huko Agincourt, na Wareno kuiteka Ceuta, matatu haya ya mwisho yakiwa yote ya mwaka 1415.

Tatizo lililokataa kwisha ni sentensi moja inayonakiliwa kutoka andalio la somo moja hadi jingine, kwamba mwaka 1414 amiri Zheng He alimchukua twiga Malindi na kumpeleka China. Twiga wa 1414 aliletwa na ujumbe wa Sultani wa Bengal, na ndiye aliyechorwa na kuandikiwa shairi la sifa na Shen Du, msomi wa kasri la Maliki Yongle. Yule wa Malindi alifika 1415, akiletwa na wajumbe wa Malindi wenyewe. Maliki huyo, ambaye mwaka 1402 alimpokonya mpwa wake kiti cha enzi na hivyo alihitaji sana dalili za baraka, alikuwa na watumishi waliomtambulisha twiga kuwa ni qilin, mnyama wa hekaya anayesemekana kujitokeza katika enzi ya mtawala mwadilifu. Ni baada ya hapo, katika safari ya 1417 hadi 1419, ndipo merikebu za Zheng He zilipowarudisha wajumbe makwao na kufika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Kosa hili si la tarehe tu, kwani linaigeuza Malindi iliyotuma wajumbe wake kuwa pwani iliyongoja kugunduliwa, na inashangaza kwamba kosa lililokwisha kuelezwa mara nyingi bado linatungiwa maswali ya mtihani. Sarafu ya Yongle iliyopatikana kisiwani Manda na kutangazwa 2013 nayo hutajwa kama ushahidi wa merikebu hizo, ilhali sarafu hupita mikono mingi.

Bila kukinyooshea kidole chombo chochote cha mitaala, inapendekezwa kwamba twiga wa Bengal na wa Malindi watajwe kando kando, kila mmoja na mwaka wake; kwamba mchoro wa 1414 usiwekewe maelezo ya Malindi; kwamba ujumbe wa Malindi ufundishwe kabla ya safari ya 1417; kwamba sarafu ya Manda ifundishwe kama ushahidi wa biashara; kwamba Ceuta na Malindi zisomwe pamoja, kwa kuwa zote ni habari za 1415; na, kwa mara nyingine, kwamba miaka ya twiga hao wawili isichanganywe. Wanaotunga mitihani wanaombwa kuanza na pendekezo hilo la mwisho, kwa sababu halihitaji fedha wala kibali.