MWANAFUNZI WA NGUMI NA MWALIMU WAKE

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, sogeeni karibu na redio, na yule mliyemchagua kuandika awe tayari na kalamu yake. Juma lililopita tulizungumza juu ya fundi na mwanagenzi wake. Leo twaendelea na jambo hilo hilo la kufundishana, ila twalitazama mahali ambapo neno moja lisiloambiwa mwalimu laweza kumwua mtu, yaani katika mchezo wa ngumi.

Huenda mama mmoja huko Mwanga, au mzee pale Ujiji, anajiuliza: Ngumi zina mazungumzo gani? Si watu wawili wanapigana tu, kengele ikilia wanaachana? Swali hilo ni la haki. Basi sikilizeni jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Katika ngumi za ridhaa, mabondia hupigana raundi tatu, na kila raundi ni dakika tatu. Baina ya raundi na raundi kuna dakika moja ya kupumzika. Raundi ikiendelea, mwalimu hana ruhusa kupanda ulingoni. Hukaa chini pembeni akitazama. Dakika ile moja ndiyo yake. Humo ndani yake mwanafunzi apate kuketi, kuvuta pumzi, kusukutua kinywa, kupanguswa jasho, na kuambiwa la kufanya. Watu wasiozoea kusemezana miezi mingi kabla ya siku hiyo hawawezi kuanza kusikilizana ndani ya dakika moja, tena watazamaji wakipiga kelele.

Mimi mwenyewe nilifundisha vijana ngumi kwa miaka kadhaa katika uwanja mmoja Ujiji, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Vyombo vyetu vilikuwa duni. Begi la kupigia tulilishona kwa magunia, tukalijaza vitambaa vikuukuu na mchanga kidogo. Glavu zilikuwa jozi nne, nazo walivaa kwa zamu. Asubuhi vijana walikimbia kutoka Ujiji mpaka Kigoma mjini, kilometa kama nane, na alasiri tukakutana uwanjani. Naeleza haya ili mfahamu kuwa mambo nitakayoyasema hayahitaji fedha wala jengo kubwa.

Ninyi wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika mwajua kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi hutoka jua likizama na taa zake, zamani karabai, na siku hizi wengi wana taa za betri, naye hurudi Kibirizi au Katonga kunapambazuka. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki, na kwa siku kadhaa wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu na kulala usingizi wao. Kila mtoto wa Kigoma ajua hayo. Mimi pia niliyajua, lakini nilipoingia uwanjani niliyaacha nje kana kwamba hayahusu ngumi.

Nilikuwa na kijana mmoja aliyevua dagaa pamoja na wajomba zake. Jina lake silitaji. Alikuwa na mkono wa kushoto mwepesi sana, na nilimtumainia kuliko wote. Lakini kulikuwa na siku alizofika uwanjani mzito kama gunia lililolowa. Miguu haisogei, macho mekundu. Siku moja alisimama katikati ya mazoezi akaniambia, “Mwalimu, leo naomba nipumzike, sina nguvu.” Nami nikamjibu mbele ya wenziwe wote kwamba pale si mahali pa kulala, na kwamba mvivu aende kwa mama yake. Vijana wakacheka. Naye akacheka, akavaa glavu, akaendelea. Nilijiona nimemkomaza. Wala sikuutazama mwezi siku ile, nikahesabu kuwa kijana yule alikuwa amekesha ziwani usiku mzima.

Tangu siku hiyo hakulalamika tena. Nikimwuliza, “Hujambo?” alisema, “Sijambo, mwalimu.” Nilidhani ndiyo nidhamu hiyo. Nikawasifia wageni jinsi vijana wangu walivyo wavumilivu.

Baada ya majuma machache alipigwa pembeni ya kichwa katika mazoezi, karibu na sikio. Aliyumba, akasimama. Nikamwuliza kama yu mzima, akasema sijambo mwalimu. Siku ya pili alikuja kama kawaida. Siku ya tatu nikampanga apigane na mwenziwe mdogo kuliko yeye, nikamwambia mdogo apige polepole. Pigo lililomwangusha hata halikuwa pigo, lilikuwa kama kofi la watoto. Alianguka kifudifudi, asijue yuko wapi. Tulimbeba hospitali, akalazwa siku nyingi. Nashukuru kwamba alipona na leo ana watoto. Lakini ngumi aliacha, na muda mrefu hakuweza kukesha ziwani kwa sababu ya maumivu ya kichwa.

Nilipokwenda kumtazama, dada yake alinikuta mlangoni. Akaniamkia kwa heshima, shikamoo mwalimu, nikaitikia marahaba. Kisha akaniambia kuwa ndugu yake alitapika usiku ule wa kwanza, na mchana alikuwa akikimbia mwanga wa jua. Nikamwuliza mbona hawakuniletea habari. Akainamisha kichwa. Akasema, “Alitukataza, mwalimu. Alisema utamwita mvivu.”

Sikuwa na la kumjibu.

Sasa hebu tueleze yaliyotokea ndani ya kichwa cha kijana yule. Ubongo wa binadamu ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Pigo linapogeuza kichwa kwa ghafla, ubongo huchelewa kugeuka, nao huvutika na kusukasuka. Mara nyingi hakuna damu wala uvimbe wa kuonekana nje. Jeraha lipo, lakini macho ya mwalimu hayalioni. Ubongo uliotikiswa unahitaji siku za kutulia. Ukitikiswa tena kabla haujapona, hata kwa pigo dogo, huweza kuvimba vibaya. Tena mshipa wa damu uliopasuka ndani waweza kuvuja polepole, dalili zikaja baada ya saa nyingi mtu akiwa amekwisha kufika nyumbani. Dalili zenyewe ni hizi, andikeni: kichwa kuuma kusikokoma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, kifafa. Mwenye kuziona asingoje asubuhi, ampeleke mgonjwa hospitali saa ile ile. Ndiyo sababu kanuni za ngumi za ridhaa humpumzisha kwa muda wa mwezi hivi bondia aliyepigwa kichwani akashindwa kuendelea, hata kama yeye anasema yu mzima. Na jambo hilo likirudia, muda huongezwa.

Tazameni basi: dalili nyingi katika hizo hutokea nyumbani, usiku, mwalimu hayupo. Aziona mama, mke, dada. Au mgonjwa mwenyewe azisikia peke yake. Mwalimu hana njia ya kuzipata ila aambiwe, na hataambiwa kama aliwahi kumcheka aliyesema.

Vijana wetu hupenda kunitajia Muhammad Ali. Ng'ambo ya ziwa hili, katika nchi ambayo milima yake twaiona kukiwa kweupe, ndiko alikopigana na George Foreman, ingawa Kinshasa yenyewe i mbali sana upande wa magharibi. Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1974, kiasi cha saa kumi alfajiri, ili watu wa Marekani watazame katika televisheni jioni yao. Ali aliegemea kamba akamwacha Foreman ampige mpaka achoke. Mwalimu wake, Angelo Dundee, alimpigia kelele atoke kwenye kamba, naye hakutoka. Katika raundi ya nane alimwangusha Foreman akashinda. Basi vijana husema: Unaona, mwalimu? Bingwa hamsikilizi mwalimu!

Huwajibu kwa kuwauliza habari za mwaka 1980. Hizo hawazijui. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, huko Las Vegas, Ali aliyekuwa na miaka 38 alipambana na Larry Holmes. Alipigwa raundi baada ya raundi bila ya kuweza kujibu. Baada ya raundi ya kumi Dundee aliusimamisha mchezo. Katika kona ile ile alikuwamo msaidizi mwingine aliyesihi raundi moja zaidi, Dundee akakataa. Mtu aliyepuuzwa mwaka 1974 ndiye aliyesema basi mwaka 1980. Mimi kwa maoni yangu kazi yake ya usiku ule wa pili ni kubwa kuliko ushindi wote wa Kinshasa, ijapokuwa hakuna anayeipigia makofi.

Tuna na msiba wa karibu zaidi. Robert Wangila wa Kenya alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988, katika uzito wa welta. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki waikumbuka siku hiyo. Mwezi Julai 1994 alipigana Las Vegas, na mwamuzi akausimamisha mchezo katika raundi ya tisa. Wangila alipinga, alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, alizimia, na baada ya siku mbili alikufa. Simtaji ili kumlaumu mtu yeyote. Namtaja kwa sababu alikuwa shujaa wa kweli, na shujaa huyo, damu ikivuja ndani ya kichwa chake, alijiona bado ana nguvu. Ulingoni bondia si shahidi wa kutegemewa juu ya mwili wake. Kwa hiyo mapatano ya kusimamisha mchezo hufanywa mapema, akili zikiwa zimetulia, watu wameketi mkekani. Mwanafunzi aseme kwa kinywa chake: Mwalimu, ukitupa taulo sitakuchukia. Na mwalimu naye aseme ni dalili zipi zitakazomfanya alitupe.

Baada ya yaliyonipata nilibadili mambo machache. Kabla ya glavu kuvaliwa nilimwita kila mmoja kando, mbali na masikio ya wenziwe, nikamwuliza alilala saa ngapi, amekula nini, kichwa kinaumaje. Siku za giza wavuvi waliruka kamba na kupiga begi tu. Mapigano ya mazoezi tuliyaweka siku za mbalamwezi, walipokuwa wamelala. Nilikwenda pia majumbani, nikawaomba mama na dada waniletee habari, na nikaapa mbele yao kwamba sitamcheka mtu. Wiki za kwanza wote waliniambia sijambo. Walikuwa wakinijaribu. Mpaka siku moja mdogo wao kuliko wote alisema kichwa kinamwuma, nikamwambia ahsante, nenda nyumbani ukalale, na kesho jina lako lipo palepale. Wenziwe walitazamana. Juma lililofuata nilipata wagonjwa watatu! Mmoja wao, nadhani, alikuwa akitoroka mbio za asubuhi. Nilimwacha adanganye, maana hasara ya uongo huo naimudu.

Yako pia maneno ya kona. Kijana aliyekulia Kasulu kwa Kiha, au aliyekuja kutoka Burundi na Kirundi chake, huelewa Kiswahili vizuri akiwa ametulia. Akichoka na kupigwa, maneno marefu humpita kama upepo. Tulichagua maneno matano au sita tu, tukayarudia mazoezini kila siku. Katika dakika ya kupumzika sikusema mambo mawili, nilisema moja. Na kabla ya hilo moja nilimwuliza raundi hii ni ya ngapi. Akikosea, au akinitazama bila ya kunijibu, mchezo wetu umekwisha.

Sasa naviachia vikundi. Zungumzeni kwanza swali hili: katika kazi yenu, iwe chombo cha uvuvi, karakana, au darasa, ni nani aliyewahi kunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na nani alimcheka? Kisha kila mwenye kufundisha wengine aende kesho akamwulize mmoja wa wanafunzi wake alilala saa ngapi, naye asubiri jibu. Mwandishi wa kikundi atuletee barua ya yaliyosemwa, bila ya kutaja majina ya watu. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazisoma baadhi ya barua zenu. Kwaherini.