MISAADA INAINGIA, DHAHABU INATOKA: NANI ANAANDIKA?

Maneno ya karani wa mgodi mbele ya wachimbaji na wenyeji wa Minembwe



Watu wanauliza: nchi yenye dhahabu, shaba, kobalti na almasi, mbona inangoja unga wa msaada? Mimi ni karani. Karani haulizi kwanza mali ni kiasi gani. Anauliza imeandikwa wapi.

Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtuma Mjerumani, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Banki Kuu ya Zaire. Mwaka 1982 aliandika wazi kwamba wakopeshaji wasitazamie kurudishiwa fedha zao, kwa sababu ya ulaji wa wakubwa. Je, walimsikia? Wapi! Walizidi kumkopesha Mobutu, maana walimtaka awe upande wao katika ugomvi na Urusi. Deni likabaki vichwani mwa watu ambao hawakuona hata likuta moja. Mwaka 2010 tulisamehewa dola zaidi ya milioni 12,000. Vizuri. Lakini deni kufutwa si zahanati kujengwa, na njia ya kutoka Baraka kupanda hapa mnaijua kwa magoti yenu.

Sasa dhahabu. Mwaka 2022, dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyoandikwa kutoka Kivu ya Kusini haikufika kilo 50. Mwaka 2023, kampuni ya Serikali yetu na watu wa Emirati ilipoanza kununua Bukavu, zilitoka zaidi ya tani 5. Je, milima ilizaa usiku mmoja? Mikono ni ile ile, mashimo ni yale yale! Ile ya zamani ilipita njia za nyuma, Burundi, Rwanda na Uganda, hata Dubai.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Mwaka 2024 ilikuwa imelipa karibu sehemu 70 katika 100 za msaada wa dharura wa Kongo. Mtu akatia sahihi Washington, huku wagonjwa wakakosa dawa. Februari M23 wakaingia Bukavu.

Sisemi tukatae msaada. Aliyekimbia vita apewe chakula leo. Nasema masharti yawe ya pande mbili. Wafadhili wanatudai risiti ya kila mfuko wa unga. Nasi tuwadai risiti ya dhahabu inayouzwa katika masoko yao. Na mkubwa wetu anayepokea kodi abandike hesabu ukutani, kwa Kiswahili, siku ya soko.

Wengine watanong'ona kwamba karatasi huleta kodi. Ndiyo, huleta. Lakini dhahabu isiyoandikwa haijamlipa mwalimu hata mmoja wa watoto wenu.

Basi kila atakayeuza mwezi huu, hata gramu moja, adai karatasi yenye uzito na bei. Zileteni kwangu Jumapili ya mwisho. Tutazijumlisha kwa sauti, mbele ya watu wote.