Farasi na Punda Bado Wana Kazi Mjini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo)



Leo tuzungumze juu ya wanyama wa kazi. Wako wenzetu wanaosema kwamba mwenye punda amebaki nyuma, ati mwenye motokaa ndiye aliyeendelea. Je, ni kweli? Tulipime jambo hili pamoja.

Marekani ni nchi yenye magari mengi sana. Lakini huko, katika jimbo la Michigan, kipo kisiwa kinachoitwa Mackinac, ndani ya Ziwa Huron. Zamani motokaa zilipoanza kufika kisiwani, farasi walishtushwa na kelele zake. Wenye magari ya farasi wakalalamika. Basi mwaka 1898 baraza la mji likapiga marufuku motokaa. Marufuku hiyo ipo mpaka leo.

Sasa kazi za mji zinafanywaje? Mizigo ikishushwa kutoka melini, farasi huivuta hadi dukani. Taka za majumbani na hotelini huchukuliwa kwa gari la farasi. Wageni nao hupanda magari ya farasi au baiskeli, ama hutembea kwa miguu. Wakati wa majira ya joto, wageni wanapokuwa wengi, farasi kisiwani hupita 500. Samadi yao huzolewa barabarani ikafanywa mboji. Watu hawa hawakukosa fedha za kununua motokaa. Wamechagua wenyewe.

Na kwetu Afrika Mashariki tunao Lamu, huko Kenya. Vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba, motokaa haipiti. Punda ndio wanaobeba saruji, mchanga na mawe ya kujengea. Mwaka 1987 kilianzishwa huko kituo cha kutibu punda.

Kwa nini kazi ya taka inamfaa farasi? Kwa sababu ni safari fupi yenye vituo vingi. Lori likisimama mlangoni huku injini inanguruma, linakula mafuta bure. Farasi akisimama hachomi mafuta. Tena huizoea njia. Mwenye gari akishuka kubeba pipa, humwita tu, naye husogea hadi mlango wa pili.

Lakini tusidanganyane, jamani. Mnyama si wa bure. Lori likilala halili, ila farasi hula hata siku ya mapumziko. Farasi wa kilo 500 hula nyasi kavu kama kilo 10 kwa siku, na hunywa maji lita 20 hadi 40. Kwato zake nazo zinataka matunzo. Na kwa safari ya mbali au ya haraka, motokaa inamshinda. Hata huko Mackinac gari la wagonjwa na gari la zimamoto ni ya injini.

Wala hatusemi kila kijiji kinunue farasi. Sehemu zetu nyingi zina mbung'o, na farasi akipata nagana hufa upesi. Punda huvumilia zaidi.

Basi tuchague chombo kwa kazi yake. Maji ya kisimani, mahindi ya kwenda mashineni, taka za sokoni: hizo ni kazi za punda na mkokoteni. Mgonjwa mahututi atafutiwe gari.

Na tukimtumia punda, tumtunze. Asibebeshwe kupita nguvu zake. Asipigwe. Akiwa na kidonda mgongoni, apumzike mpaka kipone. Mtu hawezi kuendesha lori lisilo na gurudumu, lakini punda mgonjwa twamlazimisha kwenda. Akifa, maji yatarudi vichwani mwa mama zetu na dada zetu.

Maswali ya kuzungumzia:

1. Ni kazi gani kijijini petu ni za safari fupi yenye vituo vingi?

2. Punda wetu wanapumzika siku ngapi kwa juma?

3. Nani kijijini anajua kutibu kidonda cha punda?