Namba Nyuma ya Jina la Mfalme

Tumezoea kuisoma namba inayofuata jina la mfalme wa Ulaya kama namba ya ukurasa: nani alitangulia, nani alifuata. Hoja yangu jioni hii ni kwamba namba hiyo ni dai la kisiasa. Ndani yake mna hukumu kuhusu nani alikuwa mfalme halali, na mara nyingi hukumu hiyo hutolewa wahusika wakiwa wamekwisha kufa. Louis wa 16 wa Ufaransa alikatwa kichwa Januari 1793. Mwanawe alifia kifungoni Paris mwaka 1795, akiwa na miaka 10, bila kutawala hata siku moja. Lakini baba mdogo wa mtoto huyo alipoketi kwenye kiti mwaka 1814 alijiita Louis wa 18, na Katiba aliyoitoa mwaka huohuo akaiandika kuwa ni ya mwaka wa 19 wa utawala wake. Kwa kuiachia maiti ya mtoto namba ya 17, aliigeuza Jamhuri yote, pamoja na himaya ya Napoleon, kuwa kipindi cha unyang'anyi tu. Wana Bonaparte walimwiga: mwaka 1852 akatangazwa Napoleon wa Tatu, ili mwana wa Napoleon, aliyefia Vienna mwaka 1832, ahesabiwe kuwa wa Pili.

Uswidi ilikwenda mbali zaidi. Karl wa Tisa, aliyemng'oa mtoto wa kaka yake, Sigismund, alichukua namba yake kutoka katika historia ya Johannes Magnus, iliyochapwa Roma mwaka 1554 na kujaa wafalme wa kubuni. Karl sita kati ya wanaohesabiwa kabla yake hawana ushahidi wowote; kwa hesabu ya kweli alikuwa wa tatu. Huenda aliiamini historia hiyo kwa moyo safi. Hata hivyo, ukoo wake ulikuwa umeshika ufalme tangu mwaka 1523 tu, na ukoo mchanga una njaa ya mababu. Mfalme wa leo bado ni Carl wa 16 Gustaf.

Atakayenipinga atasema namba ni ya kutofautisha majina yanayofanana, basi. Nakubali, ila kwa ukoo wa Reuss wa Ujerumani tu. Huko kila mtoto wa kiume aliitwa Heinrich na kupewa namba, atawale asitawale, hata tukapata Heinrich wa 72 aliyejiuzulu mwaka 1848. Namba ya namna hiyo haidai kitu, wala haigombaniwi. Sasa linganisha na Uskoti. Elizabeth wa Kwanza hakuwahi kuitawala, kwa hiyo Elizabeth wa Pili alipotangazwa mwaka 1952 Waskoti wengi waliona wamehesabiwa ndani ya historia ya Uingereza. Mwaka uliofuata sanduku la posta lenye namba hiyo lililipuliwa Edinburgh. (Tanganyika nayo ilipokea "wa Pili" huyohuyo bila kuwahi kuwa na wa Kwanza.) Hakuna anayelipua kitu cha kutofautishia majina. Charles wa Tatu, mwaka 2022, hakuleta ugomvi kama huo, maana Charles wawili wa kabla yake walitawala nchi zote mbili. Ila Charles Edward Stuart, mdai wa kiti hichohicho, ambaye wafuasi wake walimwita Charles wa Tatu baada ya baba yake kufariki mwaka 1766, hakuhesabiwa.